Wanaongea watatu, wanaamua wawili: mtazamaji wa kikao aangalie nini?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati yenye wajumbe kumi na mmoja. Tunakutana kila mwezi kwa saa tatu. Wanaongea wale wale watatu, wengine wanaitikia kwa vichwa. Tunatoka tumekubaliana kila kitu, lakini mwezi unaofuata, kwenye yatokanayo, tunakuta nusu ya maazimio hayajaguswa. Mwenyekiti ameniomba kikao kijacho nisichangie chochote, nikae pembeni niangalie tunavyofanya kazi kama kikundi, halafu niwaeleze. Niangalie nini hasa, niandikeje, na nitawaambiaje bila kuonekana nawachongea?

Jibu: Kwanza tafuta mtu mwingine wa kuandika muhtasari siku hiyo. Anayeandika muhtasari masikio yake yako kwenye kilichosemwa, na mtazamaji anapaswa kufuatilia kinachotokea baada ya kusemwa. Ukijaribu kufanya yote mawili utaishia na muhtasari wenye mapengo na uangalizi usiomsaidia mtu. Pia mwombe mwenyekiti atangaze mwanzoni kabisa kwamba leo huchangii wala hupigi kura, na kwamba utakachoandika utawasomea wote. Ukikaa kimya na daftari bila maelezo, wenzako watakuona mpelelezi, na sitawalaumu.

Sasa cha kuangalia. Wengi wanaopewa kazi hii huanza na watu: nani mkali, nani kachoka, nani hamwafiki nani. Mwisho wake huwa ripoti ya tabia za wenzao, na hapo ndipo kuchongea kunapoanzia. Mimi ningekushauri ufuatilie hoja, uachane na watu. Kila mjumbe anapotoa pendekezo, jiulize limepatwa na nini. Je, mwingine amelidaka na kuliendeleza? Limepingwa kwa sababu? Limeahirishwa? Au limeangukia patupu, msemaji aliyefuata akaanza la kwake kana kwamba hakuna aliyetamka neno?

Tuseme ajenda ni kubadili namna ya kukusanya michango ya wanachama, na mazungumzo yanakwenda hivi (ni mfano wa kubuni, lakini sidhani utakuwa mgeni kwako):

Mwenyekiti: Mimi naona mfumo mpya uanze mwezi ujao. Mnaonaje?

Mjumbe wa kwanza: Naunga mkono, mwenyekiti. Tumechelewa mno.

Mjumbe wa pili: Labda tungeanza na kundi dogo, tuone kwanza.

Mjumbe wa tatu: Na fomu za zamani je? Zimebaki nyingi.

Mhazini: Zipo kama mia mbili.

Dakika sita zinakwisha kwenye fomu. Kisha mwenyekiti: Haya, nadhani tuko pamoja. Kuna mwenye la kuongeza? Hakuna. Tuendelee.

Muhtasari utasema kamati iliazimia kuanza mfumo mpya mwezi ujao, na hautakuwa umedanganya. Mtazamaji makini ataandika mengine. Aliyefungua mjadala ndiye mwenye cheo kikubwa, na alifungua kwa kutoa jibu kabla ya swali. Pendekezo la kundi dogo, ambalo ndilo pekee lililokuwa tofauti, halikukataliwa na mtu wala kukubaliwa. Lilifunikwa na fomu. Muda mrefu ulikwenda kwenye jambo lisilohitaji uamuzi wa kamati nzima. Swali la mwisho lilijibiwa na aliyeliuliza. Na hakuna jina la mtu lililotajwa kuwa ndiye atakayeanza kazi hiyo Jumatatu asubuhi. Sasa fikiria mjumbe wa pili yuko katika hali gani. Muhtasari unamhesabu kati ya walioazimia, ilhali moyoni mwake hajaazimia kitu. Ukimkuta mwezi ujao hajagusa kazi, usiharakishe kumwita mvivu.

Edgar Schein, aliyefundisha kwa miaka mingi katika chuo cha MIT kule Marekani, alizipanga njia ambazo vikundi hutumia kuamua. Hoja inaweza kuachwa ife bila kujibiwa, na huo nao ni uamuzi. Mwenye mamlaka anaweza kuamua peke yake. Wachache wanaweza kuisukuma kwa kasi hadi wengine wakose pa kuingilia. Halafu kuna kura ya wengi, kuna maafikiano ambapo hata asiyependa amesikilizwa na yuko tayari kushiriki, na kuna kauli moja ya kweli, ambayo ni adimu. Mimi siioni hata moja kuwa mbaya kila wakati. Mwenyekiti anayeamua mwenyewe kuhusu ukumbi anawaokoa na nusu saa ya porojo. Madhara hutokea pale kikundi kinapotumia njia moja huku kikiamini kimetumia nyingine: wawili wamesukuma, kumi na mmoja wamehesabiwa. Kwa maelezo yako, nadhani ugonjwa wa kamati yenu uko hapa, na maazimio yasiyotekelezwa ni dalili yake. Kwa hiyo kwenye karatasi yako, mbele ya kila ajenda, andika neno moja tu la namna uamuzi ulivyofikiwa. Ukifanya hilo peke yake na usifanye lingine lolote, utakuwa umewasaidia.

Kuhusu nani anaongea, hesabu inasaidia, ila usiitukuze. Robert Bales wa Harvard alichapisha mwaka 1950 mfumo wa kuweka kila kauli ya kikao katika makundi 12: sita za kazi yenyewe, yaani kutoa na kuomba taarifa, maoni na mapendekezo, na sita za hisia, kuanzia kuonyesha mshikamano hadi kuonyesha uhasama. Watafiti wake walikuwa wamefundishwa kazi hiyo. Wewe peke yako utazama kabla ajenda ya pili haijafunguliwa. Chora duara la viti na majina, weka alama nne tu: P kwa pendekezo, S kwa swali, M kwa kuunga mkono au kuendeleza ya mwingine, X kwa kupinga. Mtu akikatizwa, piga mstari juu ya alama yake. Kauli ikimwelekea mtu mmoja waziwazi, chora mshale. Baada ya saa moja tu karatasi itaanza kuonyesha kitu. Mara nyingi utakuta P zimejaa upande mmoja wa meza, na S karibu hakuna popote. Kikao kisicho na maswali kina watu waliokuja wakiwa tayari wanajua jibu, au waliokata tamaa ya kulipata.

Angalia pia viti vyenyewe. Mwaka 1950 mtafiti Bernard Steinzor aliona kwamba watu walioketi kwa duara humfuata zaidi kuzungumza yule aliye mkabala nao kuliko aliye ubavuni. Mishale yako ikikuonyesha mazungumzo yanarushwa kati ya viti viwili vinavyotazamana, huenda mkiwabadilishia watu nafasi tu mtapata kikao kingine. Ni dawa rahisi na haimdhalilishi mtu.

Usifike mahali pa kudhani kwamba kila mmoja lazima aongee sawa na mwenzake. Utafiti wa Anita Woolley na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watu 699 katika vikundi vya wawili hadi watano, uligundua kwamba vikundi ambamo wachache wanatawala mazungumzo vilifanya vibaya zaidi kuliko vile ambamo zamu ziligawanyika, na kwamba akili za wanakikundi mmoja mmoja zilieleza matokeo kwa sehemu ndogo tu. Utafiti huo umejadiliwa sana baadaye, lakini mwelekeo wake ninauamini. Hata hivyo, kwenye ajenda ya fedha mhazini anapaswa kuongea zaidi. Cha kuuliza ni kama watatu wenu wanaongea sana hata kwenye mambo ambayo wengine wanayajua vizuri kuliko wao.

Hili la nani anajua nini lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus waliwagawia watu wa kila kikundi taarifa kuhusu wagombea. Taarifa nyingine walipewa wote, nyingine alipewa mmoja mmoja. Zikiunganishwa zote, mgombea bora alikuwa dhahiri. Vikundi vingi vilimkosa, kwa sababu wanakikundi walitumia muda wao kuzungumzia yale ambayo kila mmoja alikuwa anayajua tayari. Mnatumia watu kumi na mmoja kwa saa tatu, mnakumbushana mambo ya pamoja, na kile alichokijua mmoja tu kinarudi naye nyumbani. Sikiliza sentensi zinazoanza na “mimi nilipokwenda kule” au “wale wahusika waliniambia”. Zinatajwa mara moja? Kuna anayezirudia baada ya dakika kumi? Taarifa mpya isiyorudiwa na mtu wa pili, kwa mahesabu ya kikao, haikusemwa.

Kimya ndicho kigumu kukisoma. Solomon Asch, katika majaribio aliyochapisha kuanzia mwaka 1951, alimketisha mtu mmoja kati ya wengine waliopangwa kutoa jibu la makosa kuhusu urefu wa mistari ambao kila mwenye macho aliuona. Takriban theluthi moja ya majibu katika zamu hizo yalifuata kosa la wengi. Lakini akipatikana mwenzake mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana, na vivyo hivyo alipoandika jibu lake kwa siri badala ya kulitamka. Kwa mtazamaji hii ina maana kwamba kauli mbili za mwanzo ni za kuandikwa kwa uangalifu kuliko zote. Nani aliongea kwanza, nani alimfuata, na kulikuwa na yeyote aliyesema tofauti kabla ya wa tatu? Methali yetu inasema penye wazee haliharibiki neno. Sawa, ila mzee akiwa ndiye wa kwanza kuongea, yale ya wadogo hayataharibika kwa kuwa hayatasemwa.

Kisha lile swali la “kuna mwenye la kuongeza?” Hesabu sekunde kimoyomoyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Tanya Stivers na wenzake, katika lugha kumi za mabara mbalimbali, ulionyesha kwamba jibu la swali katika mazungumzo ya kawaida huja kwa wastani wa kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Ndiyo maana sekunde mbili za ukimya mezani zinamtia mwenyekiti wasiwasi na anazijaza mwenyewe. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi, aliona walimu wakisubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipojizuia hadi kufika tatu, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kuchangia. Sioni kwa nini kamati iwe tofauti. Andika tu: “Ajenda ya tatu, swali la mwisho, sekunde moja.” Hakuna haja ya kuongeza maoni.

Usisome mikono iliyokunjwa. Huenda mtu anasikia baridi. Anayetazama simu huenda anatafuta ile takwimu mnayoijadili. Yanayoitwa lugha ya mwili yanampa mtazamaji ujasiri asiostahili, na ndiyo yatakayoleta ubishi siku ya kueleza. Hali kadhalika epuka kubandika majina. Kenneth Benne na Paul Sheats mwaka 1948 waliorodhesha majukumu ambayo watu hujikuta wakiyabeba kikundini: mwanzishaji, mpatanishi, mkosoaji, mtafuta sifa na mengine mengi. Orodha hiyo ni nzuri ya kukufungua macho, lakini mtu mmoja hubeba majukumu matano katika saa moja, na ukishamwita mtafuta sifa hutamsikia tena. Kuhusu zile hatua za Bruce Tuckman za mwaka 1965, kwamba kikundi hujiunda, hugombana, hujiwekea taratibu kisha hufanya kazi, wengi wanazitaja kama sheria ya maumbile. Yeye alizitoa kwenye mapitio ya makala 50 hivi, nyingi zikihusu vikundi vya tiba na mafunzo. Kamati yenu ya kila mwezi haina deni nazo.

Kama mnakutana kwa video, mengi yanabaki vile vile isipokuwa mawili. Ucheleweshaji wa sauti unawaumiza wapole, kwa hiyo andika majaribio ya kuongea yaliyokufa njiani. Na fuata ujumbe unaoandikwa pembeni: mara nyingi hoja nzuri huandikwa huko, ikapigiwa dole gumba, na isifike mezani kamwe.

Tuje kwenye kueleza, ambako najua ndiko kunakokunyima usingizi. Kiangazi cha mwaka 1946, Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyekimbilia Marekani kutoka Ujerumani ya Hitler, aliendesha warsha katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, kuhusu kupunguza ubaguzi. Mchana vikundi vilijadiliana huku watafiti wakiandika, na jioni watafiti walikutana na Lewin kulinganisha walichoona. Baadhi ya washiriki waliomba kuingia wasikilize. Mtafiti mmoja akaeleza alivyomwona mshiriki fulani siku hiyo, na mshiriki huyo akakanusha palepale na kutoa maelezo yake. Badala ya kufunga mlango, Lewin alifurahia, na jioni zilizofuata wengine wengi walikuja. Ilidhihirika kwamba watu walijifunza zaidi katika ubishi huo kuliko katika vikao vya mchana. Lewin alifariki Februari 1947, na kiangazi cha mwaka huo huo wenzake walianzisha mafunzo ya aina hiyo huko Bethel, jimbo la Maine.

Somo lake kwako ni la utendaji. Wewe lete ulichoona na kusikia, maana yake watoe wao. Omba dakika kumi na tano za mwisho kabla ya mengineyo, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Usilete zaidi ya mambo matatu. Taja ajenda na saa, usitaje majina, isipokuwa pale mtu alipofanya jambo jema ambalo wengine wangeweza kuliiga. Unaweza kusema hivi: “Kwenye ajenda ya tatu, saa nne na dakika ishirini, lilitolewa pendekezo la kuanza na kundi dogo. Aliyefuata aliuliza kuhusu fomu, na pendekezo halikutajwa tena. Ninyi mlilielewaje?” Halafu nyamaza. Sekunde za kwanza zitakuwa ndefu. Anaweza kutokea wa kusema “nililisikia, nikadhani limekataliwa”, na mwingine “nililiunga mkono, ila sikupata nafasi”. Hapo kikundi kinaanza kujiona bila wewe kumhukumu mtu.

Mwenyekiti ni suala la pekee. Yanayomhusu yeye binafsi, kama kuongea kwanza au kujijibu maswali, mwambie faragha kabla ya kuyasema mbele ya wote, hata kama ni wakati wa mapumziko ya chai. Yeye ndiye aliyekuomba kazi hii na hastahili kushtukizwa. Lakini akikuomba umpelekee faraghani nani alisema nini kuhusu nani, kataa kwa heshima. Ukishakubali mara moja, karatasi yako haitaona ukweli tena.

Kisha waombe wachague badiliko moja la kujaribu kikao kijacho. Moja tu. Kwa hali uliyoieleza, ningependelea kila ajenda ifungwe kwa mwenyekiti kusoma azimio kwa sauti, likiwa na jina la mtekelezaji na tarehe, na mtekelezaji mwenyewe ajibu kwa mdomo wake kama anaweza. Wengine wanapenda mwenyekiti aongee mwisho. Ipo pia njia ya kila mjumbe kuandika wazo lake kwa dakika mbili kabla ya mjadala kufunguliwa. Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wakisaka mawazo kwa kuzungumza pamoja hupata machache kuliko idadi ile ile ya watu wakiwaza kila mmoja peke yake, kwa sababu kubwa moja: wakati unasubiri zamu, wazo lako linapotea au linapoa. Na kuandika, kama Asch alivyoona, kunampa nguvu asiyetaka kuwa peke yake.

Jitayarishe kwa jambo moja. Mabadiliko yakishika, alama za X kwenye karatasi zitaongezeka. Amy Edmondson, alipochunguza timu za hospitali miaka ya 1990, alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Alikuta zimeripoti mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kuyasema. Mwenyekiti akikuuliza kwa nini kamati imekuwa na wapinzani ghafla, mkumbushe kwamba walikuwepo siku zote, wakipinga kwa kutotekeleza.

Kabla ya siku yenyewe, soma mihtasari ya vikao viwili vilivyopita, uchague maazimio matatu ambayo hayakutekelezwa, na uwaulize wahusika mmoja mmoja, kwa upole, walielewa walitakiwa kufanya nini. Majibu yatakuambia ajenda za aina gani uzikodolee macho zaidi. Na kikao kitakachofuata usirudie wewe. Mkabidhi kazi mmoja wa wale wanane wanaoitikia kwa vichwa, umpe karatasi ya mfumo ule ule na alama zile zile, ili hesabu za vikao hivyo viwili ziweze kulinganishwa.